Wazimu kwa Mizani ya Nani?

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Kwa miongo mingi kifungu hicho kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au yote mawili. Jaji Lawrence Mugambi aliona kwamba sheria hiyo ilimwadhibu mtu kwa shida ya afya ya akili na kumvunjia utu wake.

Habari ilifika Tanga kwa redio, ikajadiliwa kwenye baraza la kahawa ambako mwandishi wa makala haya, mwanahabari mstaafu, huketi baada ya Alasiri. Mzee mmoja alisema Wakenya wamekosea: nafsi ni amana ya Mungu, na anayeitupa lazima ahojiwe. Wa pili, aliyepata kufanya kazi katika zahanati, akasema huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hapelekwi polisi. Wa tatu akatikisa kichwa. Kwake yeye, mtu mwenye mke na watoto hafanyi hivyo ila ametupiwa kitu. Tendo ni lile lile, wazee wote ni wa mtaa mmoja na wanakunywa kahawa ya dele moja, lakini mmoja aliona dhambi, mwingine maradhi, mwingine uchawi.

Mjadala huo ulimrudisha mwandishi kwenye miaka ambayo kazi, ndugu na safari vilimkutanisha mara kwa mara na swali hilohilo. Ni nani hasa mwendawazimu, na ni nani mwenye haki ya kusema hivyo?

Alikulia Ngamiani, mtaa wa Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1960. Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mama mmoja muuza vitumbua. Zilikuja nyakati mama huyo hali wala halali, analia bila kisa, anamtukana mumewe kwa maneno ambayo siku nyingine asingethubutu kuyatamka. Hakuna jirani aliyesema amepata kichaa. Fundi aliitwa, chetezo kikawashwa, ubani na udi vikafuka hadi barabarani, ngoma ikapigwa usiku kucha. Mwele alipopandwa, pepo aliulizwa jina lake, ametoka wapi na anataka nini. Akajitaja kuwa ruhani wa Kiarabu, na akataka kanga mpya, pete ya fedha na mbuzi. Mume alikuwa mkono wa birika, lakini safari ile alitoa. Siku chache baadaye vitumbua vilikuwa vinauzwa, na watoto wa mtaa walimwamkia shikamoo kama zamani.

Kwa mtoto, lile lilikuwa tamasha tu. Ukubwani alimsoma Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, akakuta mambo ya mapepo yamepangwa kwa majina, kwa ngoma zao na kwa matakwa yao. Ndipo alipofahamu kwamba yaliyompata jirani yao yalikuwa na utaratibu kamili: jina, mtaalamu, gharama na mwisho. Shida ilihesabiwa kuwa imemjia kutoka nje, ikaombwa itulie. Mama wa vitumbua hakupoteza sokoni wala nyumbani hata chembe ya heshima yake, na malalamiko yake kwa mume, ambayo mke wa zama zile hakuwa na njia nyingi za kuyasema, yalisikika mbele ya mtaa mzima.

Mtaa huohuo ulikuwa na mtu mwingine. Alizunguka sokoni nusu uchi, akiokota makaratasi, akizungumza na ukuta, na siku nyingine akirusha mawe. Huyo hakupigiwa ngoma. Wadigo na Wabondei, Waislamu na Wakristo, hata Wahindi wenye maduka, wote walikubaliana bila kikao kwamba ni kichaa. Mama yake alimtafuta kila baada ya Magharibi na sahani ya wali. Watoto walimfuata wakimzomea.

Tofauti ya watu hawa wawili imewashughulisha wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Edgerton alifanya utafiti katika jamii nne: Wahehe wa Tanganyika, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1966. Kote alikuta watu wanamtambua kichaa kwa dalili zinazofanana sana: kutembea uchi, kutangatanga, kusema ovyo, kushambulia watu. Waliachana kwenye chanzo. Wahehe na Wakamba walielekea kwenye uchawi, ilhali Wapokot na Wasebei walizungumzia mdudu aliyeingia kwenye ubongo. Miaka 10 baadaye mtafiti Jane Murphy alilinganisha Wayoruba wa Nigeria na wakazi wa kisiwa kimoja cha Bahari ya Bering, huko Alaska. Kote kuwili alikuta watu wana fikra ya wazimu, na kote kuwili mganga anayepandwa na roho wakati wa kutibu hakuhesabiwa kuwa mwendawazimu, kwa sababu anajua kuingia katika hali ile na kutoka.

Basi si kweli kwamba kila utamaduni una wazimu wake usiofanana na wa jirani. Mtu wa sokoni angetambuliwa Iringa kwa Wahehe, Abeokuta kwa Wayoruba, na Alaska. Ugomvi huanza kwa wale ambao hawajafika huko, na hapo ndipo inapoonekana nani ameshika mizani.

Somo hilo mwandishi alilipata akiwa kijana, mwaka 1974, wilayani Handeni kwa jamaa za mama yake. Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto na watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya kwa malori. Mzee mmoja wa ukoo alikataa. Alisema shamba lake lina makaburi ya babu zake na miembe aliyoipanda mwenyewe, na kwamba pale wanapopelekwa hakuna maji. Kiongozi mmoja wa kijiji hakujibu hoja ya maji. Alitangaza mkutanoni kwamba mzee amerukwa na akili kwa sababu ya umri, na tangu siku ile kila alilosema lilipokewa kwa kicheko. Nyumbani, wanaukoo waliokula naye sahani moja walijua kwamba akili zake ziko sawa kuliko za wengi. Mkutanoni walinyamaza.

Miaka mingi baadaye, akiwa Nairobi kwa semina ya waandishi, alisoma habari za Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa katika nchi ya Wabukusu. Masinde, aliyepata kuwa mchezaji mpira mashuhuri, aliwapinga wazi watawala wa kikoloni. Mwaka 1945 alikamatwa na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatoka mwaka 1947. Wafuasi wake walimwona nabii. Serikali iliona afadhali aonekane mgonjwa.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya vichaa wa koloni, na tangu 1938 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ilichapisha maelezo yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, na madai ya ardhi na uhuru yakageuzwa kuwa tatizo la akili zilizovurugwa na mabadiliko. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alitangaza kwamba watumwa wanaotoroka mabwana zao wana maradhi, na miongoni mwa tiba zake akataja viboko. Huko Urusi ya Kisovieti, Jenerali Pyotr Grigorenko aliyeikosoa serikali aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na madaktari wa Moscow walikuwa na nadharia kwamba skizofrenia inaweza kumwingia mtu polepole bila dalili nyingine zaidi ya kupingapinga.

Mwandishi aliyasoma hayo akimkumbuka mzee wa Handeni. Katika kijiji hapakuwa na daktari wala nadharia, lakini kazi iliyofanywa ilikuwa ileile: asiyejibiwa kwa hoja aliitwa mwendawazimu, na hoja ikazikwa pamoja naye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gazeti lilimtuma Bukoba kwa habari za kahawa. Jioni, nyumbani kwa mwenyeji wake, mama mmoja wa makamo alisimulia jinsi dada yake mkubwa alivyorudishwa kutoka shuleni mwaka 1962 akicheka. Alicheka, akalia, akakimbia, akapumzika, kisha akaanza tena. Wazazi walimfungia ndani kwa hofu. Mama yule alisimulia bila tabasamu.

Kisa hicho kimo katika maandishi ya tiba. Kilianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya kati ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikazuka katika kijiji cha Nshamba, ikawapata watu 217, wengi wao vijana. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu, wakachunguza chakula, wasipate sumu wala kijidudu, na mwaka 1963 wakaandika kwamba huo ni mlipuko wa hofu ya pamoja. Wananchi nao walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni wazimu unaoenea, wengine kwamba hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki, ambayo mataifa makubwa yaliyajaribu sana miaka ile.

Magazeti ya ng'ambo yaliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha Waafrika waliocheka miezi kadhaa. Mwenyeji wa Bukoba alikuwa na maelezo mengine. Wasichana wale, alisema, walitolewa kwa mama zao, wakawekwa chini ya kanuni kali, wakadaiwa kufaulu kwa ajili ya ukoo mzima katika nchi ambayo hata watu wazima hawakujua kesho yake. "Ungekuwa wewe, mwanangu, ungelia mbele ya nani?" Visa vya jinsi hiyo vimeonekana pia katika nyumba za watawa na viwanda vya Ulaya, na katika shule za Kiafrika hadi leo. Hakuna hata mmoja wa wale 95 aliyestahili kuitwa kichaa. Mwili wa shule nzima ulisema jambo ambalo mtoto mmoja mmoja asingeruhusiwa kulisema.

Kazi ya kuandika habari za mahakama nayo ilikuwa na mafunzo yake. Huko Tabora alifuatilia kesi ya kijana aliyemuua bibi kizee wa jirani. Mshtakiwa hakukana. Alisema bibi alimuua mtoto wake kwa uchawi, na kwamba alimwona usiku amepanda fisi. Wakili aliomba aonekane hana akili timamu. Daktari aliyemchunguza akasema anazo. Akaulizwa: mtu anayesema amemwona bibi juu ya fisi anakuwaje mzima? Wazee wa baraza walitazamana. Ukumbini kulikuwa na watu wengi ambao hawakuona ajabu yoyote katika habari ile ya fisi.

Sheria yenyewe imetoka mbali. Kipimo cha wazimu katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ya Kenya na Uganda, kina asili yake katika kesi ya Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu jijini London mwaka 1843. Kwa kipimo hicho, swali ni kama ugonjwa wa akili ulimnyima mshtakiwa uwezo wa kujua anachotenda, au kujua kwamba ni kosa. Sheria ya Kiislamu, inayofahamika pwani tangu kabla ya Waingereza, humwondolea mwendawazimu wajibu hadi akili zake zirudi, pamoja na mtoto asiyebaleghe na aliyelala. Madaktari wa Marekani, katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili, wameongeza tahadhari: imani inayokubaliwa na jamii ya mtu haihesabiwi kuwa njozi ya ugonjwa. Kwa mizani zote tatu, kijana wa Tabora alikuwa mzima. Aliamini walichoamini wenzake, na alijua alichokifanya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha sema mwaka 1951 kwamba kuamini tu kuwa umerogwa si utetezi wa kutosha. Alitiwa hatiani. Siku ile mwandishi aliondoka na fundisho moja zito: imani inaweza kuua mtu asiye na hatia bila mwenye imani hiyo kuwa mgonjwa hata kidogo.

Kisha jambo likaingia ndani ya ukoo wake. Binamu yake, mwanafunzi wa chuo, aliacha kulala. Alizima redio zote nyumbani kwa sababu, alisema, zinatangaza jina lake. Familia ilianza kwa shehe, ambaye aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa kombe kwa muda wote aliopangiwa. Alitulia kidogo, kisha akazidi. Ndipo mwandishi na mjomba wakampeleka Dodoma, kwenye hospitali ya Mirembe, iliyojengwa mwaka 1927.

Tanzania nzima hulitumia jina hilo kwa utani. Asiyekubaliana na mwenzake huambiwa akapimwe Mirembe. Ndani ya lango utani ulikwisha. Nesi wa makamo aliuliza maswali ya utulivu: usingizi ulipotea lini, anakula, anavuta bangi, kuna wa ukoo aliyepata kuugua hivyo. Mjomba alipotaja hasidi wa mtaani, nesi hakumbishia. Alisema hayo wazee watayashughulikia nyumbani, na yeye ashughulikie usingizi. Dawa zilifanya kazi. Baada ya majuma kadhaa binamu alikuwa anasoma gazeti na kulalamikia ugali wa hospitali, jambo lililomfurahisha sana mjomba. Siku ya kuondoka nesi alimwambia mwandishi: "Kaka, dawa tunazo. Wa kumpokea nyumbani ndio hatuna."

Alisema kweli. Mapepo ya mama wa vitumbua yaliondoka na ubani wake. Cheti cha hospitali kilibaki. Posa ya binamu ilikataliwa baada ya watu kuulizia alikolazwa, na mwajiri aliyekwisha mwahidi kazi akapoteza simu yake.

Ugumu huo ndio aliougusa daktari wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, alianza kuwalaza wagonjwa katika vijiji vya jirani badala ya wodini, kila mmoja na ndugu wa kumwangalia. Walifanya kazi za shamba, wakahudhuria sherehe, wakapata dawa za hospitali, na Lambo akawaita waganga wa jadi washirikiane naye. Baadaye alipanda hadi kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa shirika hilo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika nchi 9 ulionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia wa Ibadan, Agra na Cali walikuwa na hali bora baada ya miaka 2 kuliko wa miji tajiri kama London, Moscow na Washington. Wataalamu bado wanabishana juu ya matokeo hayo, hasa juu ya wagonjwa wasiofika hospitali kabisa. Hata hivyo yanatosha kumtia mtu mashaka anapoambiwa kwamba penye mashine nyingi ndipo penye uponyaji mwingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwandishi alikuwa London kwa masomo, akijipatia riziki kwa ukalimani. Hospitali moja ilimwita kwa ajili ya bibi wa asili ya Barawa, mmoja wa waliokimbia vita vya Somalia vya mwaka 1991, wakakaa Mombasa, kisha wakafika Uingereza. Jirani aliripoti kwamba bibi anaongea peke yake usiku. Daktari kijana aliuliza kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Bibi alimgeukia mkalimani. "Mwambie, mwanangu, mamangu hunijia. Hunambia nitoe sadaka."

Mama huyo alikuwa amefariki miaka mingi. Kalamu ya daktari ilikimbia. Lakini daktari mkubwa aliyekuwapo aliweka fomu chini, akamwuliza mtoto wa bibi kama kwao hilo ni jambo la ajabu. Mtoto akajibu kwamba marehemu bibi yake kuja ndotoni ni kawaida, hata yeye humjia. Kilichowatisha ni kingine: mama ameacha kupika, ameacha kusuka wajukuu nywele, na tangu Ramadhani hasali. Daktari aliandika upya. Tiba aliyopangiwa bibi ilikuwa ya huzuni nzito, si ya skizofrenia, na ndani yake kulikuwa na safari za kila wiki kwenye jumuiya ya Wabarawa.

Familia ilipima kwa wajibu ulioachwa. Daktari kijana alipima kwa sauti iliyosikika. Hata katika utafiti wa Edgerton, watu wa Afrika Mashariki hawakutaja sana kusikia sauti kama dalili ya kichaa. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwahoji wagonjwa 60 wanaosikia sauti, 20 kila mahali, huko California, Accra na Chennai. Wamarekani wengi walisimulia sauti za kikatili, za kuwaamuru kuumiza na kupigana. Wa Accra walitaja mara nyingi sauti ya Mungu, tena njema. Wa Chennai walisikia ndugu zao wakiwakumbusha kazi za nyumbani. Ugonjwa mmoja, na bado sauti zinazungumza mambo ya mji zilimozaliwa.

Si kila aliyelala hospitali ya Uingereza alibahatika kupata daktari wa namna ile. Takwimu za England zinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba watu weusi huzuiliwa kwa nguvu chini ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara 3 kuliko weupe.

Aliporudi nyumbani alikuta utamaduni wa kwao nao una makucha. Binamu alikuwa ameugua tena, na familia, ikiogopa kurudia aibu ya zamani, ilimpeleka kwenye kambi moja ya maombezi iliyosifika kwa kufukuza mapepo. Mwandishi alimkuta amefungwa mnyororo mguuni kwenye nguzo, amekonda, ana makovu. Wenye kambi walieleza kwa upole kwamba anayepigwa si yeye, ni pepo. Imani ileile iliyomlinda mama wa vitumbua kule Ngamiani, kwamba shida si ya mtu bali ni ya aliyemwingia, hapa ilitumika kuhalalisha fimbo. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilikuta minyororo ya namna hiyo katika nchi zipatazo 60, Asia, Afrika, Ulaya na Amerika.

Binamu alirudi kwenye dawa, safari hii kliniki ya mkoa, na shangazi mmoja akajitolea kuishi naye. Shangazi huyo anaamini mapepo bila shaka yoyote, na kila Alhamisi husoma dua. Pia ndiye anayehesabu vidonge. Mtafiti Mmarekani Juli McGruder aliyekaa na familia za wagonjwa wa skizofrenia Zanzibar alieleza hali kama hiyo: imani ya masheitani iliziwezesha familia kumpokea mgonjwa bila lawama, kufurahia siku zake nzuri, na kutomgeuza kuwa ugonjwa wake. Kati ya nguzo ya kambi na chumba cha shangazi hapakuwa na tofauti ya itikadi. Tofauti ilikuwa katika alichotendewa mtu.

Kwa mwandishi, hicho ndicho kipimo cha maelezo yoyote ya wazimu, yawe ya daktari, ya shehe, ya mchungaji au ya hakimu. Baada ya kuyatamka, je, mtu huyo bado ana chakula, ana wa kumsikiliza, ana nafasi ya kurudi alipokuwa? Maelezo ya mama wa vitumbua yalifaulu, ya nesi wa Dodoma yalifaulu nusu, ya kiongozi wa Handeni na ya kambi ya maombezi yalishindwa kabisa.

Kwa kipimo hichohicho, sheria inayompeleka mahakamani mtu aliyejaribu kujiua imeshindwa. Humfanya afiche shida yake hadi imchukue, na huifanya familia imwogope askari kuliko kifo. Uingereza, iliyolileta kosa hilo Afrika Mashariki, ililifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Kwa Tanzania Bara bado limo katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Wabunge hawana haja ya kungoja kesi kama ya Nairobi ndipo wakiondoe. Wanaweza kukiwekea muswada sasa. Na msomaji ambaye nyumbani kwake kuna mtu anayezungumzia kufa, au aliyeacha kulala, kula na kusali, asingoje wabunge. Amfuate leo, akae naye, ampeleke kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, na arudi naye nyumbani.